Shangazi Thuwaiba na Saa ya Maji ya Mahfoudh

Shangazi yangu Thuwaiba hasamehi. Nnalisema mapema msije mkasema sikukwambieni. Yupo mwanamke hapa Mkunazini alimkalisha nyuma harusini, karibu na masufuria, na mpaka leo akipiga hodi kwetu Shangazi humwitikia kutoka juu kwamba Thuwaiba kenda sokoni. Anaitikia mwenyewe, kwa sauti yake. Mie nampenda basi tu.

Kazi yake ni vikuba. Kwetu bi harusi hatoki bila ya kikuba, kile kishada cha asmini na mrehani anachobandikwa kifuani, na asmini za Shangazi ziko juu ya paa, kwenye madumu yaliyokatwa na ndoo za rangi, zimejazana mpaka huna pa kuanika nguo. Mumewe Haroub siku anamwacha alimwambia haya, baki na vindoo vyako. Kabaki navyo, na sasa harusi zote za mtaa huu zinapanda ngazi zetu.

Sasa Shaaban hii, na Shaaban mnaijua, kila nyumba inataka kuoza kabla ya Ramadhani kuingia, Shangazi akafiwa na mama yake mdogo kule Bwejuu. Msibani lazima twende sote. Na hapo keshachukua kazi ya vikuba vya bi harusi Shemsa, na jua la kaskazi lile, asmini ya kwenye dumu ukiikosesha maji siku mbili tatu ushaizika. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kapita Mlandege, dukani kwa Mahfoudh anayeuza taa na vifaa vya maji, kanunua saa ya maji. Ni kidude cha plastiki unakifunga kwenye koki ya tangi, unakitegesha, eti kinajifungua na kujifunga chenyewe, na maji yanapita kwenye vimpira vyembamba yakidondoka tone tone kwenye kila dumu. Shangazi kamweleza vizuri tangi letu liko juu ya matofali tu, si juu sana. Mahfoudh kamuapia. Kamwambia hata ukenda Hija, utarudi maua yamenenepa.

Tumerudi kutoka Bwejuu baada ya kisomo cha hitma, tangi tupu, ngazi zina michirizi ya maji mpaka mlangoni. Kidude kilijifungua, kujifunga hakikujifunga. Fundi bomba kaja kakitazama, kasema saa hizi zinataka maji yenye nguvu, maji ya tangi la chini hayawezi kuzifunga, na kila muuzaji anajua. Vimpira navyo vimepasuka kwa jua. Asmini zote kavu, ukizigusa zinakatika kama tambi. Shemsa kaolewa na maua ya plastiki. Video yake kila mtu kaiona.

Shangazi kamrudishia saa yake. Mahfoudh akamjibu mbele ya wateja.

"Bi Thuwaiba, saa yangu haina neno. Mkono wako ndio mkavu. Wewe hata ukipanda magugu yatakufa."

Duka zima likacheka. Kufika Isha watoto mtaani washampa jina, Bi Mkono Mkavu. Na hilo si utani wa kuchekwa ukapita. Nani anataka harusi ya mwanawe iguswe na mkono unaokausha? Mama wa bi harusi mmoja kapiga simu kaghairi, na mwengine naye. Jina lake lilikuwa linakwenda na maji, na maji yenyewe ya Mahfoudh.

Shangazi hakulia. Kapika pilau, kala, kanawa. Nikajua kuna mtu atakoma.

Jumamosi kavaa buibui lake zuri, kajifukiza udi. Mie na binamu yangu Ulfat katubebesha dumu la maji lenye koki na kigoda. Tunamuuliza tunakwenda wapi, katangulia. Kufika Mlandege duka limejaa. Mbele yetu mzee mmoja, Mzee Mkadam, ananunua taa, na Mahfoudh kafanya kama wanavyofanya wauzaji wote, kaichomeka, ikawaka, kaizima, kamfungia. Mji huu hakuna anayechukua taa dukani bila ya kuiona inawaka. Shangazi alikuwa anangojea hilo tu.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Nnataka saa ya maji. Nijaribie."

"Saa ya maji haijaribiwi, Bi Thuwaiba."

"Taa unaiwasha. Hii una nini nayo, unaionea haya?"

Mzee Mkadam, ambaye alikuwa keshapata taa yake na angeweza kwenda zake, kavuta kiti. "Mjaribie, yakhe," kasema. "Maji kaja nayo mwenyewe."

Basi. Dumu juu ya kigoda, kigoda juu ya meza ya duka, Shangazi anapima kwa mkono mpaka pakalingana na tangi letu. Saa ikafungwa, ikategeshwa, ikajifungua. Muda wa kujifunga ukafika, ukapita. Maji yakatambaa mezani yakaingia kwenye maboksi ya swichi. Mahfoudh kasema hiyo ina kasoro ya kiwandani. Shangazi, kwa adabu kabisa, kamwomba afungue nyengine. Nayo hivyo hivyo. Nyengine. Ulfat anakwenda bombani anajaza anarudi, mie narekodi, kanzu ya Mahfoudh imemganda miguuni kama kuku aliyenyeshewa, na watu wanazidi kuja mlangoni. Raha niliyoipata siku ile sijawahi kuipata hata sikukuu.

Halafu Shangazi kamuuliza taratibu, kwake Chukwani anamwagilia maua kwa kitu gani. Kasema kwa hizi hizi. Shangazi kasema aliitwa maulidini kwao, kaona ukutani koki ya shaba na mpira mnene mweusi, hata ukiukunja hauzibi. Anautaka ule badala ya pesa zake. Mahfoudh kasema ile haiji tena. Shangazi kasema hakutaka mpya.

Mahfoudh akakataa, watu wakaguna. Kaona simu yangu, kaona mlango ulivyojaa, akampigia mkewe Bi Radhiya amwambie aufungue. Na kwa kuwa mikono yake imerowa, kaiweka simu mezani kwa spika, sote tunasikia.

"Niufungue? Na maua yangu nimwagilie kwa kitu gani?"

"Nitakuletea saa ya maji."

"Zile mbovu? Si mwenyewe ulisema zisiingie nyumba hii?"

Mzee Mkadam kacheka mpaka taa yake ikamponyoka.

Mpira umeletwa, na koki yake, na Shangazi kaijaribu nayo hapo hapo. Kafungua, kafunga, kapitisha kidole chini ya koki, kidole kikavu. Kamkabidhi Mahfoudh saa zake zote zilizorowa na akamshukuru.

Video imekwenda mjini kabla hatujafika nyumbani. Watoto jina la Mkono Mkavu wamemhamishia Mahfoudh, ingawa yeye ndiye aliyerowa. Wale mama walioghairi wamepiga simu tena. Mmoja Shangazi kamkubalia, atampa vikuba vya mrehani na mawaridi ya kuazima kwa rafiki yake. Wa pili, aliyeghairi kwa kucheka, kamwelekeza kwenye duka la maua ya plastiki, na mtaa kamtajia.

Ramadhani ikakaribia, watu wanaombana msamaha. Mahfoudh naye kamtumia Shangazi picha ya mwezi na fanusi, ile inayotumwa kwa kila mtu, imeandikwa nisamehe nilipokukosea. Nimemsomea. Alikuwa anamwagilia vijiti vya asmini alivyopanda upya, kwa mpira wa Chukwani, na hata hakugeuka.

Kaniambia nipige picha asmini iliyokufa, ile kubwa aliyoilea tokea siku ya talaka, nimpelekee, nisiandike neno.

Nimempelekea. Vitiki vimegeuka buluu, kaiona.