Mjane Aliyekuwa Kwenye Kadi Moja

Ninapowafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, somo la kuunganisha vitu viwili hulirudia mpaka wananicheka. Una kitu kinachoitwa Mtu, una kingine kinachoitwa Nyumba. Ukimwambia Mtu kwamba nyumba yake ni ile, Nyumba yenyewe haijui lolote. Nayo lazima uiambie mkaaji wake ni nani. Wananiona mzee king'ang'anizi. Sababu yake naona haya kuwasimulia.

Zamani nilikuwa karani wa kijiji cha ujamaa huko Kisarawe. Nilikuwa na darasa la saba, mwandiko mzuri na majivuno ya kukitosha kijiji kizima. Nilitunza visanduku viwili, kimoja cha kadi za watu, kingine cha kadi za nyumba. Kwenye kadi ya nyumba, mwenyewe aliweka dole gumba kando ya jina lake.

Mzee mmoja akafariki, nikalikata jina lake kwenye kadi ya nyumba. Mkewe alikuwa amekaa eda, haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo nilisimama dirishani, naye akanitajia jina lake akiwa ndani. Nikamwandikia kadi yake, namba ya nyumba ikiwemo. Kadi ya nyumba nikaiacha wazi mpaka amalize eda aje kuweka dole. Ningeweza kuliandika jina kwa penseli, lakini nilifanya uvivu.

Mwezi wa pili wa eda, bwana mmoja kutoka wilayani akaja na familia iliyohamishwa, akitaka nyumba tupu. Akapekua kisanduku cha nyumba peke yake, akachomoa kadi, akaongoza njia. Nilitambua ni nyumba ipi tulipofika uani, tukasikia mtu anakohoa ndani.

"Karani, mbona humu mna mtu?" akauliza. "Ulimwandikisha?"

Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikasema, "Hakuwahi kuja ofisini, mzee."

Sauti ikatoka ndani, ya upole tu. "Mwanangu, si ulikuja hapa dirishani nikakutajia jina?"

Kisanduku cha kadi za watu kilikuwa kwapani mwangu. Kukifungua kungechukua nusu dakika.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Bwana yule akaamuru mjane ahamie kwa shemeji yake siku ileile. Wanawake wawili wakaja kumsaidia kufunga vitu vyake. Akatoka mchana kweupe, eda haijaisha, amejifunika shuka gubigubi, na watu wamejipanga njiani kumtazama mwanamke aliyetolewa eda. Nilitamani ardhi ipasuke. Alipofika usawa wangu sikujua la kufanya, nikamwamkia shikamoo.

Akasimama, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu."