Njiti Chini ya Kifuniko

Watahini walinitaka niiondoe sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ya vyungu vyenye vifuniko. Hoja yao ilikuwa fupi: chungu kikichomwa kimefunikwa, mvuke hukosa pa kutokea, nacho hupasuka; kwa hiyo vifuniko vichomwe mbali. Nilikuwa nimeshawatii mara moja. Nilivipanga vyungu upande mmoja wa tanuri na vifuniko upande wa pili, na baada ya moto hakuna hata kifuniko kimoja kilichokaa sawa juu ya chungu chake, kwa kuwa udongo ukichomwa haunywei sawasawa kila pahala. Nilitoka katika chumba cha mtihani, na kwa siku tatu nikawa nayatunga majibu ambayo ningepaswa kuyatoa palepale.

Siku ya nne nilikwenda Jang'ombe kwa shangazi wa mama yangu, mfinyanzi, mwenye tanuri la matofali uani kwake, nikiwa na vyungu sita vibichi nilivyovifinyanga mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umenywea hivyo? Washakufukuza?"

"Bado. Wanasema kuchoma chungu na kifuniko chake ni kosa."

"Wao washachoma vingapi?"

Akachomoa njiti katika ufagio wa chelewa, akazivunja vipande vifupi, akavilaza vitatu juu ya mdomo wa chungu, ndipo akakiweka kifuniko. Ukabaki mwanya mwembamba. Moto mdogo, alinieleza, huyatoa maji; ukikua, huzila njiti, na kifuniko hujishukia mahali pake. Nikatoa rula niupime mwanya ule.

"Iweke hiyo," alisema. "Chungu hakijui kusoma."

Asubuhi iliyofuata tuliwasha makumbi ya nazi. Jirani akapaza sauti nyuma ya ukuta: "Bi mkubwa! Moshi wote huo, pilau la nani?"

"La maprofesa! Lete sahani!"

Mimi sikucheka. Kila kumbi lililoalika motoni nilidhani ni chungu kinapasuka. Alasiri kulitoka mlio mzito kuliko yote. "Kimoja hicho," alisema bibi, akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake tulifungua. Kati ya vyungu sita, kimoja kilikuwa vigae. Nilivichunguza kimoja kimoja: ufa ulianzia kitakoni, nilikoacha udongo mnene mno. Kosa hilo ni langu, si la kifuniko. Vitano vilivyobaki nilivizungusha vifuniko vyake kwa vidole viwili. Vilikwaruza kidogo, vikazunguka, vikakaa.

Sura ya nne nimeirejesha, tena ndefu kuliko mwanzo. Picha ya vigae imo, na maelezo ya kosa langu yamo. Pale walipoandika kwa wino mwekundu "chanzo?" nimejaza: mfinyanzi wa Jang'ombe, kwa kauli na kwa mikono yake, nami nikishuhudia. Wanaweza kuninyima shahada. Mamlaka hayo wanayo. Ila atakayetaka niifute sura hiyo aje kwanza uani na chungu chake kibichi, akifunike, tukichome.