Roboti Iliyotunyamazisha Walezi

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa mkono na mwanafunzi, na saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafika nyumbani, nachemsha chai. Hiyo ilikuwa Mlowo, katika kitengo maalumu cha shule ya msingi. Nilikuwa mlezi mpya mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kisigino. Mwalimu hufundisha, mlezi hulisha, hupeleka chooni, hupangusa machozi. Mwalimu Mkuu alinifuata mwenyewe kwa baiskeli.

"Mama, kazi imekushinda ndani ya saa mbili?"

"Haijanishinda, Mwalimu. Nimekuja kubadili viatu."

Uongo mtupu, lakini ulinirudisha kazini, na kazini nikakaa hadi nywele zikawa nyeupe.

Enzi zile neno usonji hatukulijua. Tulisema "mtoto mkimya", na majirani walisema mabaya zaidi. Nilipohamishiwa Tunduma ndipo Mkuu wa Kitengo, mama mwembamba aliyetembea kana kwamba kuna lori nyuma yake, alipotufafanulia. Ubongo wa mtoto mwenye usonji huipokea dunia kwa namna yake. Kelele, nyuso na macho ya watu vinaweza kumwelemea. "Hisia anazo tele," alisema. "Ninyi ndio hamjui mlango." Nilidhani ananisema mimi peke yangu, na huenda ni kweli.

Mwaka wangu wa mwisho, vijana wa chuo cha ufundi walituazima roboti kwa muhula mmoja. Ilikuwa mashine yenye umbo la mtu, kimo cha ndoo mbili zilizobebana, macho ya taa, inasema Kiswahili na kusogeza mikono. Watoto waliibatiza Bati, ingawa ilikuwa plastiki tupu. Mimi niliapa sitaigusa. Kwangu hata pasi ya umeme anaiwasha mume wangu.

Lakini jamani, ile asubuhi ya kwanza! Mtoto mmoja aliziba masikio akaingia chini ya meza. Mwingine aliitupia jicho moja, akarudi kupanga vizibo vyake vya soda. Zawadi akasogea. Zawadi, wa miaka minane, ambaye hakuwahi kumsalimia mtu, hata baba yake!

Baba huyo, wakala wa mizigo pale mpakani, alikuwa ameshatoa kauli. "Muhula ukiisha bila dalili, nampeleka kwa bibi yake, kijiji cha Hasamba. Akae na kuku, angalau hawamcheki." Kijijini kwa bibi hapakuwa na kitengo. Kwenda huko kulikuwa kuaga shule.

Bati ilikuwa inasema, "Habari, Zawadi," kisha inapiga makofi mawili taratibu, kama tunavyosalimiana huku kwetu. Hayo makofi niliyadai mimi. Nilimwambia fundi wake, mmoja wa wale vijana wa chuo, kwamba mgeni asiyepiga makofi hajalelewa. Baada ya hapo macho yake yanakuwa ya bluu, inasubiri.

Wiki zikapita, Zawadi kimya. Kosa lilikuwa letu. Huku salamu ya mgeni haiachwi ianguke chini. Bati ikisalimia tu, sisi walezi watatu tunaitikia kwa pamoja: "Nzuri, mwanangu! Karibu! Za kwenu?" Halafu tunamgeukia mtoto: "Itikia, Zawadi! Itikia!" Bati ikisikia jibu inaendelea na wimbo, zamu ya mtoto imeshapita. Kinara nilikuwa mimi. Siku moja niliiuliza hali ya mama yake.

Fundi, kijana mpole, akashindwa kuvumilia. "Shikamoo, mama. Bati tulimletea nani?"

"Marahaba. Watoto."

"Basi mbona mwenye maendeleo ni wewe?"

Wenzangu walicheka hadi wakashika ukuta.

Kesho yake Mkuu wa Kitengo alitukalisha kwenye benchi, kila mmoja na maji mdomoni. "Atakayemeza, atadeki darasa."

Bati ikasalimia. Makofi. Macho ya bluu. Nje malori yalipiga honi; ndani, kimya. Zawadi aliyumba mbele na nyuma, akiangalia mikono ya Bati, si macho. Nikahesabu ishirini. Thelathini. Mashavu yananiuma! Kisha vile vidole vidogo vikakutana: pa, pa. Bati ikawaka kijani, ikacheka, na Zawadi akacheka kwa sauti, akirukaruka na kupepea mikono. Maji yangu yote yakaishia kwenye gauni la Mkuu wa Kitengo. Hakunikaripia. Alikuwa analia.

Alipojifuta alituonya: "Roboti ni daraja. Tukimwacha mtoto katikati ya daraja, hatujamvusha."

Wiki ya kufunga shule Bati ilikuwa imesharudishwa chuoni. Baba Zawadi akaja, suruali imenyooshwa, amekuja kumchukua.

"Zawadi, habari? Haya, mnaona? Haitikii."

Nikamziba mdomo mwanaume wa watu kwa kiganja changu. "Baba, piga makofi mawili. Halafu nyamaza."

Akapiga. Jasho likamtoka. Zawadi hakumtazama usoni, alitazama mikono. Pa, pa. Kisha akamsogelea, akaishika mikono ya baba yake, akaigonganisha mwenyewe: tena! Baba akaketi sakafuni na suruali yake.

"Hasamba," alisema baadaye sana, "tutakwenda likizo tu."

Sasa nimestaafu, niko nyumbani, mahali nilipokuwa nikitoroka kuja tangu siku ya kwanza. Vijana mnaoingia kazi hii mtapata mashine bora kuliko Bati. Zipokeeni! Hazichoki, hazikunji uso, haziulizi mtoto amelogwa na nani. Mtoto mmoja atazipenda, mwingine atazikimbia, mwacheni akimbie.

Jumamosi iliyopita simu iliita, namba ya Baba Zawadi. Nikasema haloo, kimya. Nilikuwa nafungua kinywa kulalamikia mtandao, mara nikasikia: pa, pa. Zawadi huyo, ameanza yeye! Nikaiweka simu kitandani, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.