Lenzi Mpya na Kicheko cha Mama

Baba alipofariki, picha iliyowekwa mbele ya kijitabu cha mazishi ilitolewa kwenye kitambulisho chake. Ilikuzwa mpaka macho yakawa madoa, na uso umekazwa kama wa mtu aliyeitwa na chifu. Watu walipokea kijitabu mlangoni mwa kanisa, wakaitazama picha, kisha wakanitazama mimi, maana kijiji chetu kizima cha Dundori kilijua kwamba kazi yangu kule Nakuru mjini ni kupiga picha za harusi za watu. Mganga hajigangi, wanasema, lakini siku ile msemo huo haukunisaidia. Niliona aibu, na aibu yenyewe ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo daktari alipomwambia mama kwamba uvimbe wa shingoni lazima utolewe, mama alinipigia simu akaniambia jambo moja tu.

"Kuja unipige picha kabla niende hiyo operesheni. Na nataka nikiwa nacheka. Sitaki kama ile ya baba yako."

Hakusema picha ni ya nini. Sote wawili tulijua.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua lenzi mpya, ndefu, ya kupiga sura za watu kutoka mbali kidogo bila kuwatia wasiwasi. Niliiona kuwa baraka. Mama akiona kamera karibu hukaza uso. Kicheko chake cha kweli huja ghafla, mara nyingi mtu mwingine akiumbuka, na hakidumu, kwa sababu upesi hukifunika kwa kiganja. Kicheko cha namna hiyo kinataka lenzi inayoshika fokasi papo hapo, uso utoke wazi.

Yangu haikushika. Jumamosi niliyopanda Dundori, jirani alikanyaga ndoo ya maziwa akakaa chini katikati ya boma, na mama akacheka. Nilibonyeza. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Ilipotulia, kiganja cha mama kilikuwa kimeshafika mdomoni. Hata zile picha chache zilizotoka zilikuwa na weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikalaumu ukungu wa Dundori.

Nyumbani Nakuru nilianza kuutafuta ugonjwa. Nilifunga lenzi yangu ya zamani kwenye kamera ile ile, ikashika fokasi mara moja, basi kamera haikuwa na kosa. Nilifuta kwa kitambaa kikavu vile vidoti vya shaba vinavyounganisha lenzi na kamera, kwa sababu upepo wetu huleta vumbi jeupe la ziwani na vumbi hilo huingia hata kwenye sukari. Ubavuni mwa lenzi kuna swichi ndogo ya kuiambia itafute karibu na mbali, au mbali peke yake. Niliisogeza, ikawa afadhali kidogo. Nilibadilisha betri. Niliweka programu mpya. Lenzi iliendelea kutafuta miwani.

Mwishowe nikampigia mwenzangu wa Elburgon, mpiga picha ambaye pia hutengeneza kamera.

"Siz, si kuna hiyo kioo ya kukinga ulifunga hapo mbele? Hebu itoe ujaribu bila."

"Hiyo kioo ni mpya kabisa, boss. Nimeinunua siku moja na lenzi. Mimi si wa kuanza jana."

"Sawa, madam," akasema, na simu ikaisha hapo. Hasira zangu zina tabia ya kufika kabla ya akili. Ukweli ni kwamba sikutaka kukitoa. Lenzi ya kwanza niliyowahi kumiliki ilikwaruzwa na zipu ya koti langu mwenyewe, na tangu hapo siachi kioo cha lenzi wazi.

Alhamisi nikarudi Dundori. Mama alikuwa aingie hospitali Jumamosi. Nilimkuta kwenye benchi nje ya jikoni akimenya viazi, shingo ameifunga kitambaa. Nyumba ya mama ni ya nailoni. Makochi yamevaa nailoni chini ya vitambaa, saa ya ukutani ina stika ya dukani, na remoti bado imefungwa kwa nailoni ya dukani iliyogeuka njano. Mimi humtania kila nikija.

"Mama, hiyo remoti utaivua nguo lini?"

"Ikizeeka," akajibu, bila kucheka. Siku hiyo hakuwa na kicheko karibu. Nilijaribu kupiga hata uso wake mtulivu, lenzi ikaanza tena mbele na nyuma, nami nikaanza kuitukana kwa sauti ya chini. Niliogopa. Niliwaza kile kijitabu, na uso mwingine wa kitambulisho.

Mama akaweka kisu chini. "Leta niione."

Nilimpa shingo upande. Alifuta mkono kwenye aproni, akaielekeza lenzi kwenye mwanga, akaiinamisha kama anavyokagua chupa kabla ya kuitia maziwa. Kisha akakuna ukingo wa kioo kwa ukucha.

"Na hii nailoni ulimwachia nani?"

Kikabanduka kipande chembamba cha nailoni kilichofunika kioo chote cha kukinga, kisichoonekana isipokuwa kwa mwanga wa ubavuni. Ndipo nikakumbuka. Pale dukani, nilipokuwa nikifunga kile kioo, kidole changu kiligusa ncha ya nailoni iliyoinuka. Mkono wangu, uliolelewa katika nyumba ile, uliilaza vizuri badala ya kuivuta.

"Mimi na remoti yangu," mama akasema, "na nyani haoni kundule." Akacheka mpaka benchi likatikisika.

Niliichukua kamera, nikarudi nyuma hatua tano, nikabonyeza. Ilishika bila hata kuguna. Kiganja hakikuja mdomoni, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kiazi na mwingine umeinua ile nailoni juu anionyeshe. Nilipiga moja, nikapiga ya pili. Ya tatu nilibahatisha tu, kwa sababu nilikuwa nalia.

Operesheni ilikwenda salama. Alipopata nafuu nilimpelekea picha, kubwa, ndani ya fremu. Aliitoa kwenye nailoni yake akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi kweli," akasema.

Kisha akairudisha ndani ya nailoni, akakunja kingo zake taratibu, akaiweka katika sanduku lake, chini ya leso nyeupe.

"Isichakae," akaniambia. "Bado sijaihitaji."

Siku hiyo sikumtania.