Nilivyopeleka Matanga Ghorofa ya Juu

Tulikuwapo mie, binti yangu, aliyekuwa akilea wazee kazini na akirudi nyumbani ananilea mie, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Kosovo, na mumewe, na wanawake wawili wa kwao, mmoja wifi yake, wa pili mtu wa kijiji kimoja naye. Majina yao yote ninayo, hata la paka wao, ila binti yangu kasema nisiyaandike.

Ilikuwa Ilford, huku kwa Waingereza, mwaka ule ndege za muungano wa majeshi ya Magharibi zilipopiga Serbia kwa ajili ya Kosovo. Mie sikusoma, lakini redio ya Kiswahili hainipiti, basi kila jioni nilikuwa natoa hukumu.

"Hawa waliungana kwa kumwogopa Mrusi," nilimwambia binti yangu. "Mrusi kashaanguka, si warudi makwao? Wamebaki na mizinga haina kazi, sasa wanatafuta ugomvi wa kuingilia."

"Kama wewe na masufuria yako ya harusi," akanijibu. "Wanao tumeshaolewa sote, na bado kila shughuli ya watu umo."

Nikaongeza sauti ya redio.

Jirani alikuwa hana habari za mamake tangu vita vianze. Kwake hakukuwa na simu, kwa hiyo jamaa zake waliokimbilia kambi za wakimbizi aliwapa namba yetu. Ikilia, napanda ngazi kumwita, na magoti yangu haya. Kila mara jamaa mwingine, mamake hakupiga hata mara moja.

Alasiri moja nikasikia vilio juu, vya wanawake watatu na mwanamume. Mtu wa Unguja akisikia hivyo haulizi. Nikajitupia buibui, nikabeba mkeka, ubani na msahafu, nikapanda. Kiingereza changu ni cha kununulia samaki tu, lakini wao Waislamu kama sisi. Maneno ya msiba hayataki mkalimani. Mlango ulipofunguliwa nikaangua kilio: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

Jirani akanitazama, akautazama mkeka, akaanguka.

Kumbe walikuwa wanalia kwa furaha! Kwenye televisheni askari wa muungano wanaingia mji wa kwao, watu wanawarushia maua. Na mwenye simu ni mie: alidhani nimepigiwa, mamake kafa.

Binti yangu akaja mbio. "Mama, nani kakwambia kuna msiba?"

"Hakuna. Nimesikia vilio."

"Na mkeka?"

"Wa kukalia."

Akamweleza jirani kwamba simu haikulia, mie tu ndiye niliyechanganyikiwa. Jirani akanishika buibui, hataki kuliachia, analia na kucheka. Mumewe akaniletea kahawa, nikainywa nimekalia mkeka wangu wa matanga.

Baadaye mamake alipiga kweli. Askari waliokuwa wakigawa unga kijijini walimwazima simu. Nikapanda ngazi nikicheka kwa sauti tangu chini, asije akaanguka tena.

Vilipokuja vita vya Afghanistan nilimuuliza jirani: muungano huu wake nao huko wanafaa? Akasema hajui. Mie pia sijui, nikaifunga redio.

Aliyemwazima simu nakumbuka ni Mwitaliano. Wifi mtu anasema Mjerumani. Kama nimekosea, aliyekuwapo anisahihishe, ila aanze na hilo la askari, lile la mkeka nalijua.