Kiti cha Heshima cha Dakta Shukri

Dakta Shukri wa mji wa Tanta alizaliwa ghorofa ya juu ya ukumbi wa harusi, na ngoma zile hazijamtoka masikioni hadi leo. Ndiyo maana alijifungia chuoni kwetu akatengeneza ubao wa plastiki uliojaa vijumba vyenye njia za kujipinda. Sauti ikipita humo, hapa inacheleweshwa, pale inaachiwa, mwisho yote inakutana mahali padogo, upana wa kichwa cha mtu. Aketiye hapo anasikia. Jirani yake hasikii kitu. Mimi msaidizi wake nilijua ni kweli. Mkuu wa kitivo, Dakta Wagdi, hakuamini, na chumba chetu cha kazi alikitaka kiwe ghala la viti vya sherehe zake.

Siku ya majaribio, mbele ya wazee wa baraza la chuo na mwandishi wa gazeti, tuliusimamisha ubao katikati ya ukumbi wa chuo. Mbele yake, kiti kimoja cha mkuu. Nyuma yake, sisi wawili na spika ndogo ya kumsomea mkuu sifa zake. Akisikia, chumba kinabaki chetu.

Lakini ni nani huku kwetu atakayekalia kiti cha heshima bila kukikataa kwanza?

"Kaa wewe, Hagg Bayoumi, mkubwa wetu," mkuu alimwambia mzee wa baraza.

"Mbele yako? Haiwezekani!"

"Mke wangu talaka usipokaa!" mkuu akaapa.

"Na wangu talaka nikikaa!"

Wakavutana mikono mpaka chai ikapoa. Ndoa mbili zilikuwa mashakani na kiti bado kitupu. Shukri, jasho likimtiririka, akaninong'oneza kando ya spika: "Si akae tu mkuu, huyu punda mzee! Roho inamtoka kwa kukitaka!"

Kumbe mkuu alikuwa ameshaketi.

Nilichungulia nikamwona ameruka, akageuka kulia na kushoto. Wenzake walikuwa wanatabasamu tu. Spika hata hatujaiwasha.

"Umesikia, Dakta?" mwandishi wa gazeti akauliza, kalamu mkononi. "Inasemaje?"

Dakta Wagdi aliitazama kalamu ile.

"Sijasikia kitu. Mashine imeshindwa."

Kesho yake viti vikaletwa chumbani kwetu. Nilitaka kulia. Mkuu alikuja mwenyewe kusimamia, akamvuta Shukri pembeni ya mlango.

"Punda mzee, siyo?"

Uso wa Shukri ukang'aa kama wa bwana harusi.

"Kumbe ulisikia! Na lile neno 'mzee' pia lilifika?"