Vyura wa Kumliwaza Mgeni

Bi Kuruthumu wa Makandana, yule muuza vitumbua, ana kobe aitwaye Mgeni. Marehemu mumewe, Yussuph, ndiye aliyemleta kutoka Usangu kwenye jua kali, na kwa miaka kumi na moja alihangaika naye kama kitinda mimba. Mvua ikianza, na Tukuyu mvua haina likizo, Yussuph alimbeba hadi jikoni, akamweka kwenye gunia karibu na jiko la vitumbua. Bi Kuruthumu alimtania, "Haya, mke mwenzangu keshafika!"

Yussuph alipofariki, nyumba ilinyamaza. Jirani yake Sekela, mkulima wa ndizi, alikuja kubisha hodi kila Jumamosi. Bi Kuruthumu alimjibu kwenye upenyo wa mlango, "Nipo salama, mwenzangu, ndaga, asante," kisha akafunga. Lakini akimwona kobe kajikunyata peke yake kwenye kona ya banda lake uani, roho ilimuuma. Maskini, hana hata wa kumpa salamu!

Mwanamke huyu, jamani! Siku moja aliingia mtaroni nyuma ya migomba, akakamata vyura wanne, akawatia humo humo bandani. Beseni moja, wanywe pamoja, waoge pamoja. Na kwa kuwa chura anapenda maji, kila asubuhi alilimwagia banda zima maji, tena kwa mapenzi kabisa.

Wiki ya tatu Mgeni aligoma kula. Macho yalivimba, puani yakamtoka mapovu. Bi Kuruthumu aliacha vitumbua vikiungua, akamfunga kobe kwenye kanga, akamkimbiza kwa bwana mifugo. Njia nzima alimwomba Mungu asimchukue na huyu, maana ndiye pekee aliyebaki ambaye Yussuph alimpakata.

Bwana mifugo, kijana aitwaye Nelson, aliposikia habari ya vyura alishika kichwa.

"Mama yangu! Kobe wa Usangu anataka pakavu na joto. Chura anataka majimaji. Ukiwaweka pamoja, lazima mmoja ateseke. Halafu ngozi ya chura inatoa sumu, inaingia kwenye maji anayokunywa kobe. Na kuna vijidudu ambavyo mmoja anatembea navyo bila shida, mwenzake vinamuua."

"Nilidhani ni mpweke, mwanangu."

"Kobe? Kobe anakaa peke yake miaka na miaka, wala hana habari."

Alimchoma Mgeni sindano, akamwagiza mama arudi naye kila baada ya siku mbili. Bi Kuruthumu alifika nyumbani, akawarudisha vyura mtaroni kwao. Kobe akamlaza jikoni, kwenye gunia lile lile, akamzungushia sweta la Yussuph. Kila asubuhi alimwekea mchicha mbele ya mdomo, na kila jioni aliuondoa umenyauka. Moyo wake haukutulia hata kidogo.

Siku ya tisa, Mgeni alinyoosha shingo, akakata jani.

Bi Kuruthumu alikaa chini pale pale, akalia mpaka mtandio ukalowa. "Kumbe wewe hukuwa na shida yoyote," alimwambia. "Mpweke nilikuwa mimi."

Ilikuwa Jumamosi. Sekela alipobisha hodi, mlango ulifunguliwa wote.

"Ingia, dada, chai ipo jikoni," Bi Kuruthumu alisema, akimvuta mkono. "Ila angalia chini, usije ukamkanyaga mke mwenzangu."